Ugali Hauna Kosa

Mwaka 1990, katika kambi za wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, watu walianza kubadilika ngozi. Mikono, miguu, shingo, kila palipopigwa na jua pakawa peusi, pakakauka, kisha pakabanduka. Wengine waliharisha mfululizo, wengine wakaanza kusahau na kuchanganyikiwa. Ugonjwa huo unaitwa pelagra, na mwaka huo uliwapata zaidi ya watu 17,000 kambini humo. Chakula chao kikuu kilikuwa mahindi, na mahindi yalikuwepo. Kilichokatika ni karanga. Kabla ya hapo zilikuwa zikigawiwa pamoja na unga. Ziliposimama, pelagra ikaingia.

Sababu yake inajulikana vizuri. Mahindi yana vitamini B3, iitwayo naiasini, ila imeshikamana na sehemu nyingine za punje kiasi kwamba utumbo wa binadamu unashindwa kuichukua. Karanga zina naiasini tele, tena iliyo huru. Watu wa Mexico, ambako zao la mahindi lilianzia maelfu ya miaka iliyopita, huchemsha mahindi yao kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa hiyo huifungua naiasini. Mahindi yalipovuka bahari kwenda Ulaya, Afrika na kwingineko, chokaa haikusafiri nayo. Kusini mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, pelagra iliua maskini wengi waliokula unga wa mahindi na vipande vya mafuta ya nguruwe. Daktari Joseph Goldberger, aliyetumwa huko na serikali mwaka 1914, aliwaongezea watoto wa vituo vya yatima maziwa, mayai, nyama na maharage, na ugonjwa ukatoweka kwenye vituo hivyo. Wengi walikataa kumwamini. Walitaka kuambiwa ni kijidudu, kwa kuwa kijidudu hakimdai mtu kuongeza mshahara wa mkulima wala kubadilisha sahani yake.

Nimetanguliza habari hizi kwa sababu siku hizi kesi ya chakula inaendeshwa upande mmoja tu. Mshtakiwa ni wanga. Kwenye makundi ya WhatsApp tunaambiwa ugali ni sukari tupu, wali ni sumu, viazi viache kabisa. Mgonjwa anatoka kliniki ya kisukari ameshika karatasi, anafika nyumbani anamwambia mkewe asimpikie tena ugali maisha yake yote, kisha usiku anashindwa kulala kwa njaa na asubuhi anavunja mfungo wake kwa chapati tatu na chai ya sukari. Ninawaonea huruma watu hawa. Wamepewa jibu fupi kwa jambo linalohitaji maelezo.

Tuanze na kazi ya wanga mwilini. Unapotafuna tonge, mate yanaanza kuuvunja wanga mdomoni hapohapo; ndiyo maana ukiutafuna ugali kwa muda mrefu unaanza kuusikia utamu. Kazi kubwa inafanyika kwenye utumbo mdogo, ambako vimeng'enya kutoka kongosho vinamalizia kuukata wanga hadi uwe glukosi. Glukosi inaingia kwenye damu, kongosho linatoa homoni ya insulini, na insulini inaziwezesha seli za misuli na za mafuta kuipokea. Inayobaki inahifadhiwa kwenye ini na kwenye misuli kama glaikojeni: ini la mtu mzima linabeba gramu 100 hivi, misuli inabeba mara kadhaa ya kiasi hicho. Ghala hilo likijaa, ziada hugeuzwa kuwa mafuta.

Ubongo ndio mteja asiyekubali kuchelewa. Uzito wake ni asilimia 2 hivi ya mwili, lakini mtu akiwa amepumzika unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yote, kiasi cha gramu 120 za glukosi kwa siku. Mtu akinyimwa chakula kwa siku kadhaa, ini hutengeneza glukosi kutokana na protini na kuupatia ubongo nishati mbadala kutokana na mafuta. Mwili una akiba ya akili. Kwa hiyo si kweli kwamba mtu atakufa akikosa wanga kwa wiki moja. Lakini kuweza kuishi bila kitu ni jambo moja, na kuwa na sababu ya kukiacha ni jambo lingine.

Anayedhani wanga unamfanya kila mtu anenepe na augue, awatazame wanariadha wa Bonde la Ufa nchini Kenya. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya watafiti waliopima kila walichokula wakimbiaji kumi mahiri kwa muda wa wiki nzima. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye wanga. Ugali peke yake ulitoa karibu robo. Sukari, sehemu kubwa ikiwa ndani ya chai ya maziwa, ilitoa kama sehemu moja ya tano, na hapo ndipo msomaji anayeshinda ofisini asijilinganishe nao. Misuli ya mtu anayekimbia asubuhi na jioni inayamaliza yote hayo. Misuli ya mtu aliyekaa kwenye daladala kwa saa mbili, kisha kwenye kiti kwa saa nane, haina pa kuyapeleka.

Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu ugali wako ni kazi unayofanya. La pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi, ni yaliyolipata hindi kabla halijawa unga.

Nenda mashine yoyote ya mtaani utazame. Mahindi yanamwagwa kwenye kinu cha kukoboa, mara nyingi yakiwa yamenyunyiziwa maji kidogo ili ganda lilegee. Yanazunguka, yanasuguana, yanatoka upande mmoja meupe na yamevunjikavunjika, na upande wa pili pumba zinajaa kwenye kiroba. Ndipo mahindi yanahamishiwa kinu cha pili kusagwa. Unalipia kukoboa, unalipia kusaga, na debe ulilokuja nalo linarudi nyumbani limepungua. Huo ndio unga wa sembe, mweupe, laini, usiokwaruza koo. Zile pumba zinanunuliwa na wafugaji wa kuku na ng'ombe, na wanazigombea, kwa kuwa wanajua zina nini. Ndani yake mna ganda lenye nyuzinyuzi na kiini chenye mafuta, protini, madini na vitamini za kundi B. Kwa ufupi, mifugo inakula sehemu yenye virutubisho vingi na sisi tunabaki na sehemu ambayo kubwa yake ni wanga.

Dona ni hindi lililosagwa lilivyo. Rangi yake si nyeupe sana, linahitaji kupikwa kidogo zaidi, na kwa watu wengi lina kumbukumbu mbaya: dona ni chakula cha shuleni, cha jela, cha mwaka wa njaa. Sembe ni la mgeni. Heshima hiyo ya weupe imetugharimu sana.

Kukoboa kumewahi kuua watu wengi kwa upande wa mchele. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Java iliyokuwa chini ya Waholanzi, askari na wafungwa walikuwa wakipooza miguu, wakivimba na kufa kwa moyo kushindwa kazi. Ugonjwa huo ni beriberi. Daktari Christiaan Eijkman alikuwa akitafuta kijidudu chake kwa kutumia kuku. Kuku wake walipooza, kisha siku moja wakaanza kupona bila dawa. Alipofuatilia alikuta kwamba kwa muda walikuwa wakilishwa makombo ya wali mweupe kutoka hospitali ya jeshi, hadi alipokuja mpishi mpya aliyekataa kuwapa kuku wa kiraia wali wa askari, wakarudishiwa mchele usiokobolewa. Mwenyewe alifikiri kwanza kwamba mchele mweupe una sumu na ganda lina dawa yake. Mwenzake Gerrit Grijns ndiye aliyeeleza, mwaka 1901, kwamba kuna kitu muhimu kilichokuwa kikitupwa pamoja na ganda. Leo tunakiita vitamini B1. Mwili hauwezi kuichoma glukosi vizuri bila hiyo, maana yake kadiri mtu anavyokula wanga mwingi uliokobolewa ndivyo anavyoihitaji zaidi, na ndivyo chakula chake kinavyompa kidogo. Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Serikali zetu zinalijua hili. Kenya iliweka sharti la kurutubisha unga wa viwandani mwaka 2012, na Tanzania ilizindua mpango wake mwaka uliofuata, ili baadhi ya vitamini na madini yaliyotolewa kiwandani yarudishwe. Ni hatua nzuri. Lakini mashine ndogo za mitaani, zinazosaga unga wa familia nyingi, kwa sehemu kubwa haziguswi na mpango huo, na hakuna kirutubishi cha pakiti kinachorudisha nyuzinyuzi.

Nyuzinyuzi nazo ni wanga, ila ni wanga ambao vimeng'enya vyetu haviwezi kuukata. Kwa miaka mingi madaktari waliziona kama takataka. Aliyesaidia sana kubadili mawazo hayo ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, ambaye jina lake linajulikana zaidi kwa saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958. Burkitt na mwenzake Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa miongo mitatu hivi, waliona jambo moja. Magonjwa yaliyojaza wodi za Uingereza, kama kidole tumbo, bawasiri na saratani ya utumbo mpana, yalikuwa adimu kwa wanavijiji wa Uganda. Walihusisha tofauti hiyo na chakula kilichokobolewa, na mwaka 1975 walitoa kitabu kizima juu ya hoja hiyo. Si kila walilodhani limethibitika, lakini msingi wake umesimama.

Leo tunajua kinachotokea. Nyuzinyuzi, pamoja na wanga kidogo usiomeng'enywa, hufika kwenye utumbo mpana, na huko bakteria huzichachusha na kutoa asidi iitwayo butireti. Butireti ndiyo chakula cha seli za ukuta wa utumbo mpana, na husaidia kuzuia uvimbe wa ndani unaoweza kuanzisha saratani. Mwaka 2015 watafiti walichapisha jaribio ambalo kila mla ugali anapaswa kulisikia. Walichukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na wanavijiji 20 wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, wakabadilishana vyakula kwa wiki mbili tu. Wamarekani walipandishwa kutoka gramu 14 za nyuzinyuzi kwa siku hadi 55. Waafrika walishushwa kutoka 66 hadi 12, wakapewa nyama na mafuta mengi. Ndani ya siku hizo 14 butireti ya Wamarekani iliongezeka mara mbili na nusu, ya Waafrika ikapungua kwa nusu, na dalili za hatari kwenye ukuta wa utumbo zikabadilishana upande vilevile.

Kisha mwaka 2025 likaja la kwetu, kutoka Kilimanjaro. Vijana wa kiume 77 wenye afya nzuri walishiriki. Waliozoea chakula cha asili walihamishiwa vyakula vya viwandani vyenye kalori nyingi kwa wiki mbili. Waliozoea vyakula vya mjini walihamishiwa chakula cha asili cha kunde, mboga na nafaka zisizokobolewa. Na kundi la tatu walikunywa mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi kilichochachushwa, kwa wiki moja. Waliokula vya viwandani, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe kupanda na kinga ya mwili kudhoofika. Waliorudi kwenye chakula cha asili na waliokunywa mbege walionyesha kinyume chake. Baadhi ya mabadiliko hayo bado yalionekana wiki nne baadaye. Ningependa matokeo hayo yabandikwe kwenye ukuta wa kila kantini ya chuo.

Baada ya kulisifu dona hivyo, nina wajibu wa kusema hatari yake. Ganda na kiini ndivyo vinavyobeba sumukuvu zaidi, ile sumu ya kuvu wanaoota kwenye mahindi yaliyovunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa. Mwaka 2016, katikati ya Tanzania, hasa mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua 68 na kufa 20. Kupika hakuiondoi. Kukoboa huipunguza, na hiyo ni hoja ya kweli ya watu wa sembe. Basi dona linahitaji mahindi yaliyokaushwa sawasawa juu ya turubai, si juu ya udongo, yakapembuliwa na punje zilizooza au kubadilika rangi zikatolewa. Kwa kuwa kiini kina mafuta, unga wake huota uchungu mapema. Saga wa wiki mbili au tatu, usisage wa miezi mitatu.

Kuna kundi moja ambalo shida yake ni tofauti kabisa, nalo ni watoto wadogo. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, na uji wa unga mtupu ukipikwa mwepesi unalijaza maji. Ukipikwa mzito hawezi kuumeza. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walirudi kwenye ujuzi wa bibi zetu watengeneza pombe: kimea. Ulezi au mtama ukilowekwa, ukaachwa uchipue, ukakaushwa na kusagwa, unakuwa na vimeng'enya vya kukata wanga. Pika uji mzito, uache upoe kidogo mpaka mtoto aweze kuunywa, koroga kijiko cha unga wa kimea. Ndani ya dakika chache uji unalegea mbele ya macho yako bila kuongezwa maji, na kikombe kilekile kinabeba nishati nyingi zaidi. Mtoto huyu anahitaji wanga, tena anauhitaji sana, pamoja na karanga, dagaa au maziwa ya kumjenga. Kumnyima kwa sababu baba yake ana kisukari ni kumkosea.

Turudi kwa huyo baba. Ukweli ni kwamba akipunguza wanga sukari yake itashuka, na hakuna daktari mwenye busara atakayebisha. Lakini kupunguza na kufuta ni mambo mawili. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya kuwafuatilia Wamarekani zaidi ya 15,000 kwa takriban miaka 25. Waliopata karibu nusu ya nishati yao kwenye wanga ndio waliokuwa na vifo vichache zaidi. Waliokula wanga kidogo sana na waliokula mwingi sana wote walikuwa na vifo vingi zaidi. Na kati ya waliopunguza, walioziba pengo kwa nyama na mafuta ya wanyama walikufa zaidi, walioziba kwa karanga, kunde na mboga walikufa kidogo. Utafiti wa namna hii hauthibitishi chanzo, ila unakubaliana na yale tuliyoyaona Kilimanjaro na KwaZulu-Natal.

Kwa hiyo, baba, anza na kikombe. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 50 hivi, vijiko 12 vya chai. Soda moja ya mililita 350 ina gramu 35 au zaidi. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja vinakula kiasi kilichobaki chote na kukipita. Sukari ya kinywaji haina nyuzinyuzi, haitafunwi, haishibishi, na inafika kwenye damu haraka. Mtu anayeacha ugali na kubaki na soda amefukuza asiye mwizi.

Kisha tazama sahani. Ugali wa ukubwa wa ngumi, wa dona, usiwe mlima. Maharage, choroko au mbaazi kando yake, kwa kuwa nyuzinyuzi na protini zake huchelewesha glukosi kuingia kwenye damu, na pia zina laisini, kijenzi cha protini ambacho mahindi hayana cha kutosha. Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele, kisamvu au bamia. Uanze na mboga, ugali ufuate. Wanaokula mihogo wana sababu ya ziada ya kutoiacha peke yake sahanini: huko Kongo, Msumbiji na kaskazini mwa Tanzania, mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, ikiliwa na watu wasiopata protini, imewahi kuwapooza miguu watoto na akina mama ghafla na moja kwa moja, ugonjwa uitwao konzo. Mwili huhitaji protini ili kuiondoa sayanidi, sumu iliyomo kwenye mihogo hiyo.

Na kama unachoma insulini au unameza vidonge vya kushusha sukari, usikate wanga ghafla kwa ushauri wa mtandaoni. Dawa ilipimwa kwa chakula ulichokuwa unakula. Chakula kikipungua dawa ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka hadi ukazimia. Mwone daktari wako kwanza, mpange pamoja.

Kwa wengine wote ninaomba jambo moja dogo. Safari ijayo ya mashine, ikiwa mahindi yako ni makavu na masafi, mwambie mwenye mashine asage bila kukoboa. Hela ya kukoboa itakayobaki mkononi, pita nayo sokoni ununue maharage.